Waya Mrefu, Sikio Fupi

Walimu wenzetu wameandika mara nyingi juu ya vitabu, kamusi, ushairi na mitihani, nasi tumesoma maandiko yao kwa faida kubwa. Leo tungependa kuandika juu ya kitu ambacho hakimo katika orodha ya vifaa vya kufundishia lugha, nacho ni waya: waya wa shaba unaotundikwa nje ya nyumba ili redio ya masafa mafupi ipate kusikia vizuri. Huenda msomaji akauliza waya una uhusiano gani na ualimu wa Kiswahili. Tunamwomba avute subira, kwani sisi wenyewe ilituchukua muda kuuona uhusiano huo, na tulipouona tulikuwa tumekwisha kumkosea mtu.

Kwanza tueleze mahali tulipo. Kabatoro, ambayo katika hesabu za serikali huunganishwa na Katwe na kuitwa Katwe-Kabatoro, ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Upande mmoja tuna Ziwa Edward lenye samaki na viboko. Upande wa pili, ndani ya shimo la volkano ya kale, tuna Ziwa Katwe lenye chumvi. Mbuga ya Malkia Elizabeth imetuzunguka, mstari wa Ikweta unapita kaskazini yetu kwa mwendo mfupi, na mpaka wa Kongo hauko mbali. Chumvi ndiyo iliyowaleta watu hapa tangu zamani: Wakonzo, Wasongora, Wanyankole, na wafanyabiashara wavukao mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera. Watu wa lugha nyingi wakikutana penye bidhaa moja, hapana budi wapate lugha ya kupatana bei. Hapa kwetu, miongoni mwa lugha hizo, Kiswahili kimefanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya mwalimu yeyote kuja na chaki.

Hata hivyo Kiswahili hakikupendwa kila mahali katika nchi yetu. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa kuwa askari wake walikitumia kutisha raia, wengi walikiona kuwa lugha ya bunduki. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haya ni mambo ya kushukuru. Lakini mwalimu wa Kiswahili wa Kabatoro katika miaka ya kabla ya uamuzi huo alikuwa kama mvuvi asiye na mtumbwi: vitabu vichache, kamusi moja iliyochakaa, na wanafunzi ambao hawajapata kumsikia msemaji wa pwani hata siku moja.

Redio tuliijua tangu utotoni. Tarehe 13 Novemba 1996, waasi waliposhambulia Mpondwe, sisi tulikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Watu walikuja wakikimbia kutoka upande wa Bwera wakiwa na magodoro kichwani, na kila mmoja alikuwa na habari yake. Usiku ule baba yetu alitoa redio yake ya betri, akafunga kipande cha waya kwenye antena yake, akakitupia juu ya mgunga uliokuwa uani, na akaanza kutafuta sauti ya Kiswahili itokayo mbali. Sauti ilikuja na kupotea. Tulipata neno "Mpondwe", tukapata neno "jeshi", na yaliyokuwa katikati yakamezwa na mikwaruzo. Baba alihamisha waya mara nne. Alikuwa na shemeji yake huko Bwera, naye alitaka kujua kama njia imefungwa au la. Hatukujua usiku ule, tulijua baada ya siku mbili, shemeji mwenyewe alipofika kwa miguu. Tangu hapo tuliamini kwamba mtu mwenye waya mzuri ana bahati kuliko mwenye redio nzuri.

Basi mwaka 2009, tukiwa tumekwisha kupata stashahada yetu ya ualimu na kurudi nyumbani kufundisha, tuliazimia kuwasikilizisha wanafunzi wetu Kiswahili cha pwani. Wakati ule Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa bado inasikika katika masafa mafupi. Sauti ya Tanzania Zanzibar nayo ilikuwa ikitangaza jioni katika kilohezi 11735. Redio ya Uganda kutoka Kampala tuliijua katika kilohezi 4976. Kutoka Kabatoro hadi Unguja ni kiasi cha kilomita 1,200 kwa mstari ulionyooka. Wimbi la masafa mafupi halitambai njia hiyo yote ardhini. Hupanda angani, likagonga tabaka la juu ambalo jua limelijaza chembe za umeme, likarudishwa chini. Kwa hiyo milima haikizuii kile kinachoshuka kutoka juu. Kazi iliyobaki ilikuwa kukipokea.

Hapo ndipo tulipoanza kukosea. Tuliwaza kama wengi wanavyowaza, kwamba waya ukiwa mrefu zaidi ndivyo utakavyosikia zaidi. Tulinunua mita 40 za waya wa shaba mjini Kasese. Tulifunga ncha moja juu ya paa la bati la nyumba yetu, tukauvuta hadi kwenye mti mkubwa ulioko ng'ambo ya njia, na ncha ya nyumbani tukaipitisha dirishani moja kwa moja hadi kwenye antena ya redio. Jioni ile wanafunzi kumi na wawili walikaa sebuleni kwetu na madaftari yao. Tulifungua redio.

Tulisikia kila kitu. Kituo kimoja cha Kiarabu kilisikika mahali patatu katika kipimo kimoja. Muziki wa kituo kingine ulilala juu ya taarifa ya habari. Chini ya hayo yote palikuwa na mvumo usiokatika, na kila mara jenereta ya duka jirani iliposhtuka, mvumo nao ulishtuka. Zanzibar ilikuwamo ndani yake, kama mtu aitaye kutoka ndani ya soko siku ya gulio. Wanafunzi walikaa kwa adabu saa nzima, na hakuna aliyeandika sentensi moja kamili.

Siku ya pili alikuja mzee mmoja, jirani yetu, ambaye mjukuu wake alikuwa darasani kwetu. Mzee huyu alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe tangu ujana wake mpaka uchimbaji uliposimama mwaka 1982, kisha akarudi Katwe kwenye vidimbwi vya chumvi. Kilembe alikuwa msaidizi wa mafundi wa umeme. Alisimama uani, akauangalia waya wetu tangu paa hadi mti, kisha akasema mbele ya wanafunzi:

"Mwalimu, hii waya iko murefu sana. Iko nakula kelele yote ya nyumba. Kata yeye, peleka yeye kule mbali."

Tunaona haya kuandika jibu tulilotoa, lakini tusipoliandika makala haya hayatakuwa na maana. Tulimwambia, "Mzee wetu, hatusemi 'hii waya iko murefu'. Twasema 'waya huu ni mrefu'. Na waya si mtu hata aitwe 'yeye'." Wanafunzi walicheka. Mjukuu wake hakucheka. Mzee alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akachukua fimbo yake, akaenda zake. Hakurudi uani kwetu muda mrefu.

Kwa majuma mawili tulihangaika na waya ule. Tuliuinua, tukaushusha, tukaongeza mita tano, na kelele zikaongezeka. Kila jioni idadi ya wanafunzi ilipungua. Mwishowe tulitafuta kitabu cha fizikia cha sekondari, tukakisoma kama mwanafunzi, na humo tukayakuta maneno ya mzee yakiwa yamevaa suti.

Ndugu msomaji, tuyaeleze kwa ufupi, kwani huenda yakakufaa. Jambo la kwanza, redio ndogo ya betri imetengenezwa kwa ajili ya antena yake fupi. Ukiipa ghafla waya wa mita 40, vituo vyenye nguvu huizidi, nayo huanza kuchanganya sauti na kuweka kituo mahali ambapo hakipo. Jambo la pili, kipimo cha antena ya kusikilizia si wingi wa sauti inayoingia, bali ni tofauti iliyopo kati ya sauti unayoitaka na kelele. Ukizidisha vyote viwili kwa pamoja, hujapata kitu. Jambo la tatu, kelele nyingi hazitoki angani. Hutoka katika jenereta, taa, chaja za simu na nyaya za umeme, na waya unaoanzia juu ya paa huzichukua zote na kuzileta redioni kama mjumbe mwaminifu.

Tena iko kelele ya radi. Bonde la Kongo, lililo magharibi yetu, ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa na radi nyingi kupita kiasi, na mwako wa radi iliyo mbali hufika redioni kama mkwaruzo. Hiyo hakuna waya wa kuiondoa kabisa. Huwa kubwa zaidi katika masafa ya chini kama kilohezi 4976, na hupungua katika masafa ya juu kama 11735. Ndiyo maana katika masafa ya chini kuongeza urefu wa waya hakusaidii sana msikilizaji: kelele za anga zenyewe zimekwisha kuwa kubwa, na waya mrefu huongeza zote pamoja na sauti.

Tulikuwa na njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa kubaki na waya mrefu. Ya pili ilikuwa waya wa mita 15 hivi, unaopanda wima kwenye nguzo kisha ukalala, pamoja na waya wa ardhini. Njia hii ni nzuri kwa mtu atakaye kusikiliza vituo vingi vya masafa mbalimbali, na Kabatoro ina fadhila moja katika jambo hili, kwamba udongo wake wenye chumvi na unyevu hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo chuma kilichozamishwa ardhini hufanya kazi yake. Ya tatu ilikuwa antena ya nusu wimbi, ambayo mafundi huiita dipoli: waya uliokatwa katikati, kila upande ukiwa sawa na mwenzake, na kebo ikishuka kutoka katikati.

Tulichagua ya tatu, kwa sababu hatukutaka vituo vyote, tulitaka Zanzibar. Hesabu tuliifanya darasani, na kwa mara ya kwanza somo la Kiswahili likawa na namba ubaoni. Gawanya 300 kwa megahezi za kituo, utapata urefu wa wimbi kwa mita. 300 kugawanya kwa 11.735 ni 25.6. Nusu yake ni 12.8. Waya halisi hupunguzwa kidogo, kiasi cha sehemu tano katika mia, kwa hiyo tulipata mita 12.2, yaani mita 6.1 kila upande. Kama tungetaka kuikata kwa ajili ya Kampala katika kilohezi 4976, tungehitaji karibu mita 29, na uwanja wetu haukuwa na nafasi hiyo.

Mjukuu wa mzee ndiye aliyeshika koleo. Alipokata ule waya wa mita 40 tulimwona akitabasamu, nasi tulijifanya hatukuona.

Antena tuliitundika mbali na nyumba, hatua arobaini, kati ya nguzo mbili za mkaratusi zenye kimo cha mita saba. Kwenye ncha tulifunga vipande vya plastiki vilivyokatwa kwenye dumu la maji, ili waya usigusane na nguzo, na kamba tulizipata kwa wavuvi, zile za nailoni zisizooza. Antena ya namna hii hupokea vizuri zaidi kutoka pande zake mbili za ubavuni kuliko kutoka kwenye ncha zake. Zanzibar iko kusini-mashariki yetu, basi tuliivuta kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, ubavu ukitazama Unguja. Kwa nguzo fupi kama zetu tofauti hiyo si kubwa, lakini kazi ikifanywa ifanywe vizuri. Kutoka katikati tulishusha kebo ya televisheni, ambayo ina waya mmoja ndani na msuko wa nyaya nje. Msuko huo huzizuia kelele za nyumba zisiingie njiani. Waya wa ndani tuliubana kwenye antena ya redio, na msuko tukauunganisha na upande hasi wa betri.

Jioni ile walikuja wanafunzi wanne tu, kwa kuwa wengine walikuwa wamekata tamaa. Tulifungua redio katika kilohezi 11735. Mvumo ulikuwa mdogo, kama mvua ya mbali. Kisha mtangazaji akasema, na maneno yake yakaja moja moja, kila moja likiwa na mwanzo na mwisho wake. Wanafunzi walitazamana. Tulisikiliza taarifa, tukasikiliza matangazo ya vifo, tukasikiliza taarabu kidogo, kisha likaja tangazo juu ya watoto kuandikishwa masomoni. Mtangazaji alisema "skuli". Alisema tena, "skuli". Alisema mara tano au sita.

Binti mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliinua mkono, ingawa hatukuwa darasani.

"Mwalimu," alisema, "redio imesema skuli."

Tulielewa mara moja alichomaanisha. Juma lililopita tulikuwa tumesahihisha insha yake. Alikuwa ameandika "skuli", nasi tukalikata neno kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake "shule", na pembeni tukaandika kwa herufi kubwa: SI KISWAHILI. Lakini Zanzibar husema skuli, huandika skuli, na serikali yake yenyewe huita hivyo mahali pa masomo katika majengo na barua zake. Sisi tulilijua jambo hilo chuoni, kisha tukalisahau, kwa sababu kitabu tulichokuwa nacho kilisema shule. Tuliutafuta Kiswahili cha pwani kwa waya wa shaba na nguzo za mkaratusi, na neno la kwanza kilichotufundisha ni kwamba tulikuwa tumemnyima mtoto alama yake.

Palepale tulimwambia, "Mwanangu, redio ni sahihi, na wewe ulikuwa sahihi. Mwalimu wako ndiye aliyekosa." Alicheka, akafunika mdomo kwa mkono.

Usiku ule hatukulala vizuri. Hatukuwa tukiifikiria skuli. Tulikuwa tukimfikiria mzee. Kama mtangazaji wa Unguja ana haki ya neno lake ambalo kitabu chetu hakina, je, mtu aliyejifunza Kiswahili chini ya ardhi ya Kilembe, kati ya wenzake waliotoka makabila mbalimbali, gizani, mahali ambapo neno lisiposikika vizuri mtu huweza kufa, yeye hana haki yoyote? Hatusemi kwamba "iko murefu" ni Kiswahili sanifu. Mtihani una sheria zake, na mwanafunzi wetu atakayeandika hivyo atakosa alama, nasi tutakuwa tumemdhulumu kama hatukumwambia mapema. Tunasema kwamba mzee hakuja uani kwetu kufanya mtihani. Alikuja kutueleza habari ya waya, na habari yake ilikuwa kweli. Sisi tulisikia lahaja, hatukusikia habari. Maneno yake yalifika kwetu safi kabisa, bila mkwaruzo, nasi tukayafanya kelele.

Kesho yake, baada ya masomo, tulikwenda kwake. Alikuwa amekaa chini ya paa la majani karibu na vidimbwi, akiuangalia mlango wa mji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, ikala."

Tulikaa. Tulimwambia kwamba tumekuja kuomba radhi, kwa sababu tulimwaibisha mbele ya watoto, na mtu mzima haaibishwi mbele ya mjukuu wake. Tulimwambia pia kwamba waya tumeukata na kuupeleka mbali kama alivyosema, na kwamba Zanzibar inasikika. Alinyamaza kidogo. Tulitazamia labda atatoa methali, au atatukemea. Badala yake aliuliza:

"Pale katikati, wapi kebo nashika waya, ulifunga namna gani?"

Tulimwambia tulisokota tu.

"Hapana, Mwalimu. Hapa chumvi nakula shaba. Mwezi tatu, ine, iko nakufa." Akanyoosha fimbo kuelekea kile kiwanda cha chumvi kilichojengwa zamani karibu na ziwa, ambacho kila mtu wa hapa anajua habari zake: mabomba yake yaliliwa na maji ya chumvi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikasimama, na mpaka leo kinasimama kutu tupu. "Ona ile. Ilikuwa ya chuma yote."

Alikuja siku ya Jumamosi na risasi ya kulehemu, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na mafuta mazito ya gari ndani ya kopo. Alilehemu maungio, akayapaka mafuta, akayazungushia mpira, akafunga kwa uzi wa nyavu. Wanafunzi walikaa wakimtazama, naye aliwaeleza kila alichofanya, kwa Kiswahili chake. Mara hii hakuna aliyecheka, na sisi hatukusahihisha neno. Tulishika daftari, tukaandika maneno yake ya ufundi, kwani mengi hatukuwa nayo.

Jambo jingine alilotuonya ni radi, nalo tunaliweka hapa kwa ajili ya kila mwalimu atakayetaka kutundika waya. Mawingu ya mvua yakianza kukusanyika, kabla hayajaanza kunguruma, acha kusikiliza, ondoa kebo redioni, itoe nje ya nyumba, na uiunganishe na chuma kilichozamishwa ardhini. Usingoje ngurumo ianze. Mwezi wa Juni 2011 radi iliua watoto 18 wa shule moja ya msingi huko Kiryandongo, na shule hiyo haikuwa na kosa ila ilikuwa mahali radi ilipopiga. Hakuna kipindi cha redio kinachofaa kuhatarisha mtoto.

Antena ile ilifanya kazi kwa miaka mingi. Nyakati zimebadilika. Januari 2011 BBC ilitangaza kuyaondoa matangazo yake ya Kiswahili katika masafa mafupi kuanzia mwezi wa Machi mwaka ule, na wazee wengi wa hapa waliona kama jirani amehama bila kuaga. Vituo vingine navyo vimepunguza au kuacha. Siku hizi vijana husikiliza redio katika simu, na sisi pia hufanya hivyo tunapokuwa na fedha za kununua data na mtandao unapokuwapo. Lakini masafa mafupi hayajanyamaza kabisa, na mwalimu wa mahali pa mbali asiyetegemea mtandao bado anaweza kuokota Kiswahili angani kwa waya wa bei ndogo. Kwake yeye ushauri wetu ni huu: usinunue waya mrefu kuliko haja yako, jua kwanza unataka kumsikia nani na yuko upande gani, utoe waya mbali na nyumba, ulehemu maungio, na uogope radi.

Kwa walimu wote, wenye redio na wasio nayo, tuna jambo moja zaidi. Tangu mwaka ule tumekuwa na zoezi darasani ambalo halimo katika muhtasari. Kila mwanafunzi huenda sokoni, au vidimbwini, au kwa wavuvi, au kwa jamaa yake wa Bwera, akamsikiliza msemaji mmoja wa Kiswahili na kurudi na maneno matano ambayo kitabu hakina. Maneno hayo huandikwa ubaoni katika safu tatu: ya kwanza ni jinsi yalivyosemwa, ya pili ni jinsi yanavyosemwa katika Kiswahili sanifu, na ya tatu ni kazi neno linayoifanya mahali pake. Safu ya pili ndiyo ya mtihani, na tunaifundisha kwa ukali uleule wa zamani. Lakini safu ya kwanza hatuifuti mpaka somo liishe. Tumeona kwamba mwanafunzi aliyezikamilisha safu zote tatu hachanganyi Kiswahili cha nyumbani na cha shuleni, kwa sababu amevijua vyote viwili kwa majina yao.

Mzee alifariki mwaka 2014. Mwaka uliofuata tuliishusha antena ili tubadilishe kamba zilizochakaa, na mjukuu wake, ambaye alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha ufundi, alifungua ule mpira wa baiskeli ili aone. Ndani yake shaba ilikuwa bado nyekundu. Aliifunga tena kama alivyoikuta, tukaitundika.

Tungefurahi kama walimu wenzetu wa sehemu nyingine watatuandikia kupitia jarida hili, watueleze wanasikiliza nini, kwa waya gani, na maneno gani wameyaokota nje ya vitabu vyao. Na yule binti wa skuli, tulimwongezea alama yake moja, tukaweka sahihi yetu pembeni, kwa wino uleule mwekundu.